Mwalimu wa Kukwangua

Wako watu wengi mjini Moshi wanaomsifu yule mzee, kwa hiyo kazi ya kumsifu nawaachia wao. Mimi nilikaa katika karakana yake miaka sita, nikajifunza kwake karibu kila ninachokijua kuhusu nta na rangi ya mafuta, na mpaka leo nikimkumbuka asubuhi chai inaniharibikia. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mwalimu, na yeye hakutuita kwa majina yetu hata siku moja, kwa hiyo hapo tuko sawa.

Kila aliyeingia kwake alibatizwa upya ndani ya wiki, na jina jipya lilitokana na kosa lake. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeacha kazi katika kiwanda cha sukari akaja kujifunza kuchora akiwa na miaka arobaini. Alipenda rangi ya kahawia. Mwalimu akamwita Molasi. Mimi niliitwa Mapambo, kwa sababu picha ya kwanza niliyomwonyesha ilikuwa na maua ya kahawa pembeni, nami nilidhani nimefanya la maana. Aliitazama, akavuta pua, akasema, "Hii ni kadi ya harusi." Basi nikawa Mapambo mbele ya wenzangu, mbele ya wageni, na mbele ya mama yangu siku aliposhuka kutoka Kirua Vunjo kuja kuniona, na ndizi zake kichwani. Mama alicheka kwa adabu. Tulipotoka nje akaniuliza kama nina hakika huyu mtu ni mwalimu.

Kazi aliijua. Hilo sitamnyima, ingawa ningependa. Nta aliifuata mwenyewe Tarakea siku ya soko, kwa wafuga nyuki, akiinusa kipande kwa kipande mpaka wauzaji wakachoka naye. Aliiyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, akaichuja kwa kanga kuukuu, akaitoa nje mbali na jiko, akamimina tapentaini na kukoroga mpaka ikapoa na kuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Hiyo ndiyo aliyoichanganya na rangi ya mafuta juu ya kioo cha dirisha, nusu kwa nusu, akaipaka kwa kisu. Brashi aliidharau. Visu alivichonga mwenyewe kutokana na misumeno iliyokatika. Turubai ilikuwa marufuku, maana kitambaa kikijikunja nta inapasuka, kwa hiyo sote tulichora kwenye plaiwudi. Unapaka tabaka moja, unasubiri lishike siku nne au tano, na katika baridi ya Julai hata wiki mbili, ndipo unapaka la pili. Picha moja inaweza kubeba matabaka kumi. Uzuri wa nta ni kwamba ulichokifunika hakijapotea. Ukikwangua kidogo juu, cha chini kinatokeza, na rangi zinaonana.

"Kosa halifutwi," alikuwa akituambia. "Linafunikwa. Likikaa chini linaipa picha uzito." Tuliandika maneno hayo kwenye madaftari yetu. Hatukujiuliza kwa nini anayesema hivyo hashiki kitambaa wala chupa ya rangi, bali kisu, kila saa kisu, na hapiti nyuma ya mtu bila kumkwangulia kitu. Ulikuwa ukienda kujisaidia ukirudi unakuta anga yako imeondoka.

Siku moja Molasi alichoka kungoja maji yachemke, akaiweka sufuria ya nta moja kwa moja juu ya mkaa. Iliwaka. Moto ulipanda karibu na dari, sisi tukakimbilia mlangoni. Mwalimu alichukua mfuniko, akatembea polepole, akaufunika moto, akasubiri, akaufunua, akafunika tena. Kisha akamgeukia Molasi na kumwambia kwamba katika kiwanda cha sukari walau alikuwa na msimamizi. Yule bwana, mtu mzima na watoto wake, alilia mbele yetu. Na sisi tulicheka, nami nilicheka. Ukikaa na mtu kama yule unaanza kuona heri kisu kikimwelekea mwenzako.

Ijumaa alitupikia mtori. Alimenya ndizi mwenyewe, akaponda mwenyewe, akapakua mwenyewe, na bakuli lenye nyama nyingi alimpa yule aliyemdhalilisha zaidi wiki ile. Hakusema pole. Alisukuma bakuli mezani na kuangalia pembeni. Ikawa utani kwetu kwamba ukipata mfupa wenye uboho ujue umetukanwa vya kutosha. Siku ya mtori baada ya ule moto, Molasi alipata mifupa mitatu.

Watalii nao aliwachukia, au alisema anawachukia. Mama mmoja wa kizungu aliyetoka kupanda mlima alimwomba amchoree Kibo na tembo wawili mbele yake. Mwalimu akampeleka mlangoni, akamwonyesha mlima, akamwambia ule pale, hauuzwi, na tembo waulize wenyewe wako wapi. Tulimwona shujaa. Tulimsimulia mji mzima. Kumbe huko kwake Old Moshi, kila sikukuu ya mavuno, alikuwa akipeleka kanisani picha ya mlima kwa ajili ya mnada, pamoja na kuku na mikungu ya watu wengine. Niliiona moja sebuleni kwa mtu. Theluji nyeupe pe, anga ya bluu, migomba mbele, na pembeni, naapa, maua ya kahawa. Huko kanisani wanamwita mtu mpole. Anaimba besi. Nilipomuuliza mzee mmoja wa kwaya kama amewahi kumsikia Mwalimu akimtukana mtu, alinitazama kana kwamba nimekunywa mbege kabla ya ibada.

Basi nisimulie la mama, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mama alikuwa na kovu la moto kutoka chini ya sikio la kushoto mpaka kidevuni. Aliungua akiwa msichana, ndizi za mbege zilipommwagikia kutoka chunguni. Tangu hapo alifunga kilemba kinachozunguka mpaka chini ya kidevu, shambani, kanisani, sokoni, jua liwake au mvua inyeshe. Wazee wa kijiji walijua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Sisi watoto wake tuliona, na baba, basi.

Alipougua, mwaka wangu wa sita kwa Mwalimu, nilipanda Kirua kila mwisho wa wiki na ubao wangu ili nimchore. Picha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho. Kitandani hakufunga kilemba, akilala kichwa wazi, nami nikamchora nilivyomwona, kovu na yote. Wiki ya tatu aliomba kuona. Aliushika ubao kwa mikono miwili, akautazama sana.

"Ni mimi," akasema. "Ila hapa usinichore, mwanangu. Nyie mmeona, inatosha."

"Nitakufunga kilemba, mama."

"Kile cha zambarau."

Nikamfunga kile cha zambarau, matabaka sita juu ya kovu, nikiwa namtazama na yeye ananitazama. Aliona kilivyokaa akaridhika. Wiki mbili baadaye alifariki, tukamzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na baba. Nyumba ilijaa watu, nta ilikuwa bado mbichi, nikaogopa mikono ya watoto. Nikaupeleka ubao karakanani ukakauke hadi Desemba, ndugu zetu wote watakaporudi nyumbani, tuutundike sebuleni wakiwepo. Nilidhani pale ndipo mahali salama.

Niliporudi kazini baada ya matanga, Mwalimu alikuwa amesimama karibu na dirisha, kisu mkononi, uso umemchangamka. Sikuwahi kumwona vile.

"Njoo umwone mama yako," akasema.

Kilemba hakikuwepo. Alikikwangua chote kuanzia sikioni, akateremka na shavu, akachukua na sehemu ya jicho la kushoto, mpaka kovu likatoka lote, jekundu, huku mabaki ya zambarau yameganda kandokando yake. Mahali pawili ubao wenyewe ulionekana.

"Ulikuwa umemziba," akasema. "Mwanga umepiga kwa upande nikaona mwinuko chini ya kilemba. Nikajua kuna ukweli umelala humo."

"Mwalimu, aliniomba. Mama aliniomba nisimchore kovu."

"Mchoraji anayemsikiliza anayechorwa akapige picha za pasipoti."

Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima, na mengine kwa Kichagga, ambayo nayo aliyaelewa. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Afadhali. Sasa umepata hasira, labda utachora." Hiyo ndiyo rambirambi aliyonipa.

Nitasema na hili, ingawa linaniuma: picha ilikuwa imekuwa nzuri zaidi. Molasi aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tunaufunga ubao, akiogopa nitampiga. Sikumpiga kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona. Yule mwanamke wa kwenye ubao alikuwa na nguvu ambayo ile yangu ya kilemba haikuwa nayo. Lakini mama hakuniomba nguvu. Aliniomba kilemba.

Na hata hapo ningeweza, labda, siku moja kusamehe. Ningesema mzee amepitiwa, sanaa imempanda kichwani. Ila kabla sijafika asubuhi ile alikuwa ameipiga picha kwa simu yake akaiweka status, na chini ameandika, "Sasa ndiyo picha." Mimi sikujua. Nilijua siku ya tatu, Kirua, nilipopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mama mmoja jirani yetu, mtu mwema kabisa, aliweka ndoo yake chini akanishika mkono.

"Jamani, nimemwona marehemu kwenye simu ya binti yangu. Kumbe aliungua vile? Pole, mwanangu. Miaka yote hiyo sikujua."

Wengine waliokuwa kwenye foleni waliinamisha macho, na hapo nikajua nao wameona. Miaka arobaini na kitu ya kujifunga kitambaa kwenye joto, na mtu mmoja kwa kidole kimoja ameimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilimwaga yale maziwa njiani. Nilimchukia, na ninaandika hivyo hivyo nilivyohisi: nilimchukia Mwalimu, na sikuona dhambi.

Nilijaribu kumfunga mama kilemba upya, mara tatu. Kitambaa kilikaa, lakini lile jicho sikuliweza tena, maana aliyekuwa na jicho hakuwepo. Desemba ndugu walipokuja, mama mdogo aliutazama ubao kwa heshima akasema nimechora vizuri sana, na huyu ni nani? Kaka akaipeleka ile picha ya kitambulisho mjini, ikakuzwa mpaka uso ukawa vidoti vitupu, tukaitundika hiyo. Kwa Mwalimu sikurudi hata kuchukua visu vyangu.

Miaka minane ikapita. Nina karakana yangu sasa, Kirua, nyumba ya uani, na ninafundisha watu wanne. Nawaita kwa majina yao. Nta nainunua Tarakea, nayeyusha sufuria ndani ya sufuria, na mdomoni hunitoka maneno yake nikajichukia. Mwaka jana mke wa Mwalimu alinipigia simu.

"Mwanangu, mwalimu wako amepata kiharusi. Anataka achorwe kabla watoto hawajaja. Nimemtajia watu, anasema hataki mwingine ila wewe."

Nilikwenda. Nisijifanye mwema: nilikwenda kumwona akiwa ameanguka. Nilimkuta Old Moshi, barazani, kwenye kiti cha mbao chenye mito. Mkono wa kulia umelala pajani. Mdomo umelegea upande wa kulia, ukope wa upande huo umeshuka, na mkewe amemfungia kitambaa kifuani kwa ajili ya mate.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mapambo." Maneno yalitoka mazito lakini nilielewa. Nilipoweka ubao akajigeuza kitini, kwa taabu, mpaka shavu la kushoto likaelekea kwangu. "Nichore upande huu. Ule mwingine achana nao."

Niliweka kisu chini. Nilikuwa nimesubiri miaka minane bila kujua ninasubiri nini.

"Mama yangu aliniomba hivyo hivyo," nikasema. "Nawe ulinijibu. Ulisema mchoraji anayemsikiliza anayechorwa akapige picha za pasipoti."

Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai, akasimama papo hapo.

"Nakumbuka," akasema Mwalimu. Akameza mate. "Chora upande huu hivyo hivyo."

Hakuomba radhi. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilikunywa chai yao yote na nikaiona tamu.

Jumamosi ya pili, baada ya chakula cha mchana, alisinzia kitini. Kichwa kilimgeukia upande wangu, upande wote wa ugonjwa, mdomo umefunguka, mate yanashuka, jicho moja halikufunga vizuri. Nilichora haraka, bila ua hata moja. Kisu kilikwenda chenyewe. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na nilijua wakati naifanya. Alipoanza kukoroma nilikuwa nimemaliza, nikatoa simu nikaielekeza kwenye ubao. Ningeiweka tu. Kufika jioni kwaya nzima ingekuwa imemwona, na mji mzima, na wote wanaomsifu. Hata maneno ya kuandika chini nilikuwa nayo.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Si kwamba nilimhurumia. Niliona tu kwamba nikiipiga picha ile nitakuwa nimehitimu kwake.

Niliiacha ikauke wiki mbili nyumbani kwangu, ubao umegeukia ukutani, kisha nikarudi kumfunika. Jumamosi sita zilizofuata nilimchora upande alioutaka: shavu zima, mdomo ulionyooka, shati la kwaya, kola imepigwa pasi. Nilimpaka matabaka sita. Mwanga wa baraza ya Old Moshi ni mzuri asubuhi, nikampa na huo. Picha ilipokamilika mkewe alitokwa na machozi akaniita mwanangu, na binti yake aliyetoka Arusha akasema huyu ndiye baba hasa.

Mwalimu aliomba asogezewe ubao. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akapitisha vidole juu ya nta kuanzia kwenye paji la uso, akashuka taratibu. Kwenye shavu vidole vilisimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikapita tena mahali palepale. Mkewe na binti walikuwa wamekwenda kutafuta msumari wa kuitundikia.

"Kuna kitu chini," akasema.

"Kipo."

"Kitu gani?"

"Wewe, Mwalimu. Siku uliyosinzia."

Aliondoa mkono. Alinitazama kwa lile jicho zima, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona anaogopa, na aliyekuwa akimwogopa ni mimi.

"Asikwangue mtu," akasema. Sikuelewa mara ya kwanza, ulimi wake ulikuwa umechoka, ikabidi arudie. "Mapambo. Tafadhali. Asikwangue mtu."

Nilimfuta mate kwa kile kitambaa chake. Nilimwambia mimi sitakwangua, lakini watu wengine siwezi kuwaahidia.